Kura ya kompyuta ilinipendelea, na wala sikuiba

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika majuzi kwamba vizimba vya soko jipya la kwao vigawiwe kwa kompyuta, kwa kuwa kompyuta haina shangazi. Nilicheka, halafu maneno yale yakanichoma. Kompyuta yetu sisi ilikuwa na mama mkubwa. Mama mkubwa mwenyewe ndiye mimi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 24 tunaoanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Kabla ya dagaa nilishika chaki miaka 19, hisabati darasa la tano mpaka la saba, kwa hiyo jambo likiwa na hesabu ndani yake silikimbii. Vichanja vyetu vimepangwa mstari mmoja, kutoka juu karibu na njia ya malori hadi chini kwenye mfereji. Kichanja cha kwanza kinapigwa na jua tangu asubuhi, na mnunuzi akishuka tu kwenye bodaboda anakutana nacho. Cha 24 kiko chini ya mwembe. Saa nne bado kina kivuli, na mvua ikishuka mfereji unatapika miguuni pake. Dagaa wa juu waliomwagwa asubuhi, jioni ukiwashika wanalia chakachaka. Wa chini wanalala mbichi, na dagaa akilala mbichi anageuka rangi, mnunuzi wa Dar anamshika kwa vidole viwili kama anayeokota soksi ya mtu.

Ndiyo maana hakuna mwenye kichanja chake. Kila mbalamwezi tunapiga kura upya. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi haiendi ziwani, maana dagaa huvutwa na taa, na usiku ukiwa mweupe taa haina kazi. Siku hizo tunakaza nguzo, tunashona nyavu za vichanja, tunagawana namba za mzunguko unaofuata.

Kwa miaka mingi tulitumia sufuria. Vikaratasi 24, kila mmoja anaokota chake, kelele mpaka magharibi. Ndipo mtoto wa mdogo wangu, aliyemaliza chuo na anasubiri ajira kama wenzake, akasema: mama mkubwa, acheni kupoteza mchana kwa vikaratasi, nawaandikia kodi. Wanachama wawili walinuna wiki nzima wakidhani ni ushuru mwingine umekuja. Kumbe vijana ndivyo wanavyoyaita maandishi ya programu.

Orodha ya majina aliinakili kutoka kwenye daftari langu, kwa mpangilio ule ule tuliojiunga nao: mwenyekiti namba 1, mimi namba 2, mpaka namba 24, mama kijana aliyetoka Uvinza akaja kwetu wa mwisho. Programu inachanganya majina. Litakalotokea juu linapewa kichanja cha kwanza, linalofuata cha pili, hivyo hivyo hadi mferejini. Unabonyeza mara moja, kwisha. Tulimpa kijana mafungu mawili ya migebuka kwa shukrani.

Kura nane zikapita. Baada ya ya nane, namba 24 hakusema kitu, aliniomba daftari tu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye mistari, halafu akanirudishia daftari likiwa wazi. Mara tano kati ya nane alikuwa kichanja cha 24. Zile tatu zilizobaki, alikuwa cha 23 mara mbili na cha 22 mara moja. Kichanja cha kwanza: mwenyekiti mara tatu, katibu mara mbili. Akaniuliza, "Mama, kompyuta imejuaje kwamba mimi ni mgeni?"

Jioni ile Kibirizi nzima ilikuwa na habari kwamba katibu na mwanawe wamepika kura. Nilimpigia kijana simu nikamwambia aje na kompyuta yake na asipitie popote.

Namtetea kwa hili: hakuiba. Nilimketisha jikoni nikamwambia anisomee hatua moja moja, kwa Kiswahili, kama anayemwelekeza mtu kupika. Akasoma. Chuoni walifundishwa namna ya kupanga orodha, tuseme kutoka A mpaka Z: unachukua jina moja moja tangu mwanzo, unalilinganisha na lililolitangulia, likistahili kupita linapita, linalinganishwa na lingine la mbele zaidi, mpaka likwame. Yeye akaichukua njia hiyo ya kupanga, akang'oa ule ulinganisho, mahali pake akaweka kurusha shilingi. Alidhani ukipanga kwa bahati basi umechanganya. Nami kama si lile daftari ningekubaliana naye.

Nikamwambia, hebu iwe foleni ya maji bombani. Kila mama anafika na ndoo yake kwa zamu ya daftari. Anarusha shilingi na yule anayemkuta mkiani. Akishinda anampita, anarusha na wa mbele yake. Akishindwa mara moja tu, anatua ndoo hapo hapo. Sasa namba 24 ndiye wa mwisho kufika. Shilingi ya kwanza ikimkataa, amebaki mkiani, na hakuna mwingine wa kuja nyuma yake ampokee. Kwa hiyo nusu ya kura zote, kichanja cha mferejini ni chake. Ili afike bombani inabidi ashinde mara 23 mfululizo, yaani mara moja katika 8,388,608. Kwa kura moja kila mwezi, hiyo ni karibu miaka laki saba ya kungoja jua la asubuhi.

Na mimi je? Namba 1 na namba 2 tunarushiana wenyewe kwa wenyewe, mshindi anakaa bombani. Wanaokuja kumng'oa wanazidi kupata shida kadiri wanavyochelewa: namba 3 ana nafasi moja kati ya nne, namba 4 moja kati ya nane, namba 5 moja kati ya kumi na sita, na kuendelea hivyo mpaka inakuwa mzaha. Nilizidisha nafasi zote za kutong'olewa, nikapata kwamba mwenyekiti hupata kichanja cha kwanza mara 29 katika kila 100, na mimi mara 29 nyingine. Kura ya haki ingetupa kila mmoja mara nne na ushee. Wanawake wawili tulikuwa tunalala na zaidi ya nusu ya kura za kichanja cha kwanza, miezi minane, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nina mkono wa bahati.

Kijana alinyamaza. Halafu akaniambia, kama mtu anayetafuta wa kuzama naye, kwamba kosa la ukoo huu liliwahi kuwakuta Microsoft. Mwaka 2010, baada ya kuvutana na Tume ya Ulaya, kampuni ile ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Windows barani humo ukurasa wa kuchagua kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na vile vikubwa vitano vilitakiwa vichanganywe ili kisipendelewe chochote. Nao walichanganya kwa kupanga huku wakirusha shilingi. Watu wakahesabu, wakaona mpangilio umepinda, na kwa mtu aliyefungua ukurasa ule kwa Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft yenyewe, hicho hicho ndicho kilichotupwa mwisho kupita kiasi. Wakarekebisha. Wao kosa lao liliwapunja wenyewe. Langu lilinijazia tenga, nani angeniamini?

Marekebisho aliyaleta kesho yake asubuhi, macho mekundu. Mambo ya kupanga ameyaacha kabisa. Sasa programu inapita mahali pa 1 mpaka pa 24, na kila inapofika inachagua mahali popote kati ya pote 24, inabadilishana majina na hapo. Inaonekana safi. Wanachama wengi walitaka tuishie hapo turudi kazini. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Usiku ule umeme ukakatika, nikawasha taa ya simu, nikaijaribu kwa mkono nyuma ya daftari nikitumia samaki watatu badala ya akina mama 24: dagaa, mgebuka, kuhe.

Kila hatua ina machaguo matatu, na hatua ziko tatu, kwa hiyo njia zote ni 27. Mipangilio ya samaki watatu ni sita tu. Chukua magunia 27, Mhariri, uwagawie watu sita sawasawa bila kufungua gunia hata moja! Nilikuwa nimeshajua jibu kabla sijaanza, lakini niliandika mistari yote 27, maana kikundi kinaamini kinachokiona. Mipangilio mitatu ilipata njia tano tano, mitatu njia nne nne. Mgebuka aliyeanza katikati alitokea mbele mara 10. Kuhe aliyeanza mwisho, mara 8. Upendeleo mdogo kiasi hicho daftari la miezi minane lisingeuonyesha. Namba 24 angekaa juu ya ndoo yake akasoma na asione kitu, na kwa hilo naliogopa kosa hili la pili kuliko la kwanza.

Dawa ilikuwa ndani ya sufuria tuliyoitupa. Ukishaokota karatasi huirudishi. Nilimwambia kijana: chagua jina moja kati ya 24, libadilishane mahali na lililo mwisho, na tangu hapo mahali pale pa mwisho pasiguswe tena. Halafu chagua moja kati ya 23 yaliyobaki, lipeleke mahali pa 23. Halafu kati ya 22. Mpaka limebaki moja. Hatua ya kwanza ina machaguo 24, ya pili 23, ya tatu 22, ukizizidisha zote unapata idadi ile ile ya mipangilio iliyopo, na kila mpangilio una njia yake moja, haukopi kwa mwenzake. Idadi hiyo ni 620,448,401,733,239,439,360,000. Majina 24, na tarakimu zake nazo 24. Niliizidisha kwa mkono jioni nzima na sioni haya kusema kwamba niliifurahia.

Mwanachama mmoja aliomba tuongeze sharti: jina lisiruhusiwe kubaki pale lilipokuwa kwenye orodha, ili kura ionekane imechanganywa kweli. Nilikataa. Ukilinyima jina haki ya kuangukia mahali pake lenyewe, umeshafuta mipangilio mingi ambayo nayo ni halali.

Kijana alikwenda kusoma akarudi ameinamisha kichwa. Njia ile ina wenyewe. Mwaka 1938 Waingereza wawili wa takwimu, Ronald Fisher na Frank Yates, waliieleza kwa karatasi na kalamu katika kitabu cha majedwali walichowaandalia watafiti wa biolojia, kilimo na tiba. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaichapisha kwa ajili ya kompyuta, pamoja na ule ujanja wa kubadilishana na wa mwisho ili mashine isipoteze muda kuhesabu waliobaki. Yaani ilikuwa imeshaandikwa kabla mama yake huyu kijana hajazaliwa.

Asije mtu akasema basi turudi kwenye sufuria. Sufuria yetu ilikuwa na ila zake, tulizoea tu. Vikaratasi vya mwisho kutumbukizwa vilikaa juu, na mwenye haraka alichota juu. Wakubwa wa dunia nao wameteleza hapo hapo. Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani ilichezesha bahati nasibu ya kuwaita vijana jeshini wakati wa vita vya Vietnam, kwa vidonge vya plastiki 366, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa. Viliingizwa kwenye sanduku mwezi baada ya mwezi, vikakorogwa kidogo, basi. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, Desemba hasa, wakaokotwa mapema kupita kawaida. Kwa sufuria yetu kosa ni dagaa kulala mbichi. Kule lilikuwa ni nani apande ndege kwenda vitani.

Kabla ya kura ya tisa niliwaita akina mama wote chini ya ule mwembe. Kijana akaweka kompyuta juu ya meza ya kupimia, akaiendesha programu ya zamani mara 24,000 mfululizo, ihesabu tu nani amepata kichanja cha kwanza mara ngapi. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Mwenyekiti, mara 6,900 na kitu. Mimi, 6,900 na kitu. Namba 24, sifuri. Kwa kichanja cha mwisho, namba 24 karibu mara 12,000. Kukawa kimya, nikasikia boti za abiria kule gatini. Halafu akaendesha programu mpya, mara 24,000 vilevile. Wote 24 wakaangukia kati ya 930 na 1,070. Bibi mmoja ambaye hajui kusoma aliomba asomewe ya kwake, akasomewa, akaomba asomewe na ya mwenyekiti.

Kuna uchafu mwingine ambao hesabu haiusafishi, nao ni kidole cha mtu. Programu safi kabisa, ikibonyezwa chumbani mara saba na mtu akatoka na ile ya saba iliyomfurahisha, ni wizi mtupu. Tena kompyuta yenyewe haina bahati ya kuzaliwa nayo. Inaanza na namba iitwayo mbegu, na mbegu ile ile huota mpangilio ule ule kila mara. Kwa hiyo siku hizi kijana akishaiwasha programu haruhusiwi kuigusa. Akina mama watatu, tunaowateua papo hapo, kila mmoja anataja tarakimu tatu kwa sauti. Tarakimu tisa zinaandikwa kwenye daftari, zinaingizwa, inabonyezwa mara moja mbele ya watu. Anayetilia shaka keshokutwa achukue tarakimu zile zile na orodha ile ile, arudie, aone kama atapata tofauti.

Sasa namrudia msomaji wako wa vizimba. Sisemi wasitumie kompyuta. Nasema wagawaji wa vizimba wakija na kompyuta, wanasoko waombe wasomewe hatua kwa Kiswahili hadharani, na wasikie kama jina lililokwisha kuchaguliwa linarudishwa kwenye mchanganyo au halirudishwi. Waombe iendeshwe mara elfu kadhaa mbele yao kabla ya ile moja ya kweli. Wakijibiwa kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu, mimi nimeyasoma kwa taa ya simu jikoni kwangu. Na wanaokwenda kupokea orodha iliyobandikwa ukutani wakaambiwa imetoka kwenye mfumo, wauulize ukuta ule nani alibonyeza, na mara ngapi.

Kura ya tisa mimi niliangukia cha 17, pa kawaida tu. Namba 24 alipata cha 21, bado karibu na mfereji, na wanawake wote wakageuka kunitazama mimi. Yeye akabeba wavu wake begani akasema, "Hii nimeiona ikichanganywa," akashuka.

Kura ijayo ni baada ya mbalamwezi hii, saa kumi jioni, chini ya mwembe. Msomaji wako akiwa na nauli ya treni aje aone. Safari hii anayebonyeza ni namba 24.

Katibu wa waanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma

(Jina langu nimekuandikia pembeni, Mhariri. Usilichapishe. Mama yake kijana anasoma gazeti hili.)